Kadi namba 4

Nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu nilichelewa kikao. Siku hiyo, mwaka 2016, nilitoka zamu saa nane mchana, nikapanda bodaboda hadi ukumbini kule Rau, Moshi, nikakuta watu wanapiga makofi. Nikapiga na mimi. Mfamasia aliyekaa jirani yangu akaniinamia: "Daktari, unajipigia mwenyewe." Jina langu lilishaingia kwenye muhtasari, na kwetu mtu akishapigiwa makofi hawezi kukataa bila kuonekana anaringa.

Chama kilikuwa na wanachama 60 na ushee, wa Kilimanjaro na Arusha. Tulikuwa madaktari wa hospitali, matabibu, wafamasia wawili, watu wa tiba ya sindano za Kichina, watu wa homeopathia (wanaotoa dawa zilizozimuliwa sana), na wazee wachache wa dawa za miti waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wazo lililotukutanisha lilikuwa jepesi: mgonjwa wa huku mlimani anatibiwa na watu watatu au wanne kwa wakati mmoja, apende daktari asipende, basi afadhali hao watu wajuane. Hilo lilikuwa kwenye katiba. Kwa vitendo tulikutana mara mbili kwa mwaka, tukala pilau, tukadaiana ada, tukapiga picha ya pamoja ya kuwekwa kwenye kalenda. Kalenda hiyo ndiyo iliyonishitaki baadaye.

Alfajiri moja ya Kwaresima, mwaka 2017, walimleta mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka Uru, hajitambui, nguo zimelowa jasho. Mgonjwa wangu mwenyewe. Miezi mitatu kabla nilikuwa nimemwanzishia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, juu ya metformini aliyokuwa akitumia. Tukamtoboa kidole, sukari ilisoma 1.8. Ikiwa chini ya 4 tunaanza kuhangaika, kwa hiyo 1.8 hatuongei tena, tunatafuta mshipa. Glukosi ilipoingia, ndani ya dakika chache akafungua macho, akauliza mkoba wake uko wapi.

Ndani ya mkoba mlikuwa na daftari la kliniki, lile la kawaida la shule, na chupa ya maji iliyojaa kitu cha kijani. Nikainusa. Karela, ile mboga chungu yenye mikunjo kama ngozi ya mamba. Alipewa na tabibu mmoja wa Majengo, anywe glasi moja kila asubuhi. Karela ina sifa ya kushusha sukari, na glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala. Yeye alikuwa amefunga. Mambo matatu yamekutana kwenye mwili mmoja, na mimi nilikuwa najua moja tu.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, daktari. Na yule naye hakuniuliza kama nameza vidonge." Akavuta shuka. "Mimi nilijua mnajuana. Kalenda yenu iko ukutani kwako, iko ukutani kwake. Mmo kwenye picha moja."

Nilienda kuangalia. Kweli, kwenye picha tabibu huyo ndiye aliyesimama nyuma ya bega langu.

Hapo nikapata moto. Ukimpa Mpare kosa lililoandikwa mahali hawezi kulala mpaka limepelekwa mbele ya kikao. Watani zangu Wachaga husema tunapenda kesi kuliko chakula, na safari hii walikuwa na haki. Ndani ya miezi miwili niliandika mabadiliko ya katiba peke yangu, usiku, mezani jikoni. Chama kibadilishwe jina. Kila mwanachama alete uthibitisho wa usajili wake, awe chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Tiba Asili, asiyenao akae pembeni. Asiyesajiliwa kama daktari afute "Dk." kwenye kibao chake. Na kila anayempa mgonjwa chochote, kidonge au majani, aandike kwenye daftari la mgonjwa ni kitu gani, kina nini ndani, kiasi gani kwa siku.

Leo nikiyasoma bado naona yalikuwa mabadiliko sahihi. Namna nilivyoyapeleka ndiyo iliyokuwa ya kitoto. Niliyatuma kwenye kundi la WhatsApp Jumamosi saa tano usiku, kurasa 9, na chini yake: "Wapendwa, naomba maoni kabla ya Jumatano." Ulishawahi kurusha jiwe kwenye mzinga? Kufika alfajiri kulikuwa na ujumbe 140. Wengine walijibu kwa sauti, dakika saba mtu mmoja, nyuma yake unasikia jogoo. Wawili walishajitoa kwenye kundi, mmoja akaomba kurudishwa mchana kwa sababu alikuwa amejitoa kwa hasira na hakuwa na namba ya mweka hazina.

Kuhusu jina tulibishana wiki tatu, na hapo nakiri nilifurahia. Jina la zamani lilikuwa na "tiba mbadala" ndani yake. Hoja yangu ilikuwa kwamba mbadala ni kitu unachokichukua baada ya kukiacha kingine, na sisi hatutaki mtu aache insulini yake. Nilipendekeza "tiba shirikishi". Katibu, mtu makini kupita kiasi, akasema Sheria ya 2017 inayotuhusu madaktari tayari inazo kada za "afya shirikishi", ndio watu wa fiziotherapia na wenzao, tutaonekana tunawaingilia. Mwingine akaleta "tiba fungamanishi", likachekwa mpaka likafa. Tukaishia kwenye "tiba jumuishi", ingawa mwalimu mmoja wa shule, mume wa mwanachama, alitukumbusha kwamba jumuishi ni neno la elimu ya watoto wenye ulemavu. Tukamwambia hata sisi tuna ulemavu wetu.

Mkutano mkuu ulifanyika Novemba. Walihudhuria 52. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu: slaidi, vifungu vya Sheria Namba 23 ya 2002 ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kisa cha mama wa Uru bila jina lake. Maswali yalikuwa machache. Kisha akasimama mzee mmoja wa Kibosho, amevaa koti la kijivu na kofia mkononi. Alianza kazi kama mhudumu wa zahanati enzi za Mwalimu Nyerere, dawa za miti alirithi kwa mama yake, na alikuwa mmoja wa walioanzisha chama.

"Kadi yangu ni namba 4," akasema. "Namba 1, 2 na 3 wamelala kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani kwao. Mimi sipingi kuandika. Nauliza tu, nikishaandika, nabaki na nini?"

Lilikuwa swali la kweli, na nililijibu kama swali la mchezo. Nikasema, "Unabaki na uanachama, mzee." Vijana wakacheka. Nilisikia raha kidogo, ile raha ya mtu aliyejibu haraka. Yeye akatikisa kichwa taratibu, akakaa.

Kura: ndiyo 36, hapana 14, zilizoharibika 2. Watu walipoinuka kwenda kula, kadi namba 4 ilikuwa mezani kwangu, imelalia kifudifudi. Ndani ya wiki hiyo walijitoa wengine 11, karibu wote watu wa dawa za miti. Yaani chama cha kuwakutanisha watu wa hospitali na watu wa miti kikabaki na watu wa hospitali.

Nilijifariji kwamba waliobaki ndio wanaotaka mabadiliko. Nikakaa na faraja hiyo miezi sita. Halafu siku moja kliniki nikaanza kufungua madaftari ya wagonjwa niliojua wanatibiwa pia na wanachama wetu, nikitafuta mwandiko usio wangu. Nilifungua 20. Niliupata kwenye 2, na mmoja ulikuwa wa mama wa Uru, ambaye alimsimamia tabibu wake wa Majengo mpaka akaandika, kiualimu ualimu. Karibu wote kati ya wale 36 waliopiga kura ya ndiyo hawakuwa wameandika hata neno moja. Niliwauliza wachache. Daktari mwenzangu akaniambia anaona wagonjwa 50 kwa siku, hana dakika ya kuandika tangawizi. Mwingine alikuwa mkweli zaidi: anampeleka mgonjwa wa mgongo kwenye tiba ya sindano, lakini haandiki, kwa sababu bosi wake akiliona daftari atamcheka.

Na mimi nilikuwa nimeshaliona jambo hili mapema, tena kwa ukubwa wake, nikalisahau. Mwaka 2011 nilikuwa daktari mchanga wakati nchi nzima inapanda kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalipita Arusha usiku na mchana, foleni kule inahesabiwa kwa kilomita. Baadhi ya wagonjwa wetu waliokwenda waliacha dawa, wakiwamo wa sukari na wa virusi vya UKIMWI. Sisi tulifanya nini? Tuligomba. Tuliwasema mbele ya wenzao kwenye benchi. Kilichofuata ni kwamba waliokwenda walirudi wakikataa kuwa walikwenda, na hatukuweza tena kujua nani ameacha kipi. Nakumbuka baba mmoja aliyeniapia hajawahi kufika huko, na tiketi ya basi imechungulia mfukoni. Ukimgombeza mtu kwa anachokimeza, hatakiacha kukimeza, atakiacha kukisema. Miaka sita baadaye nikawafanyia wanachama wangu kilekile kilichowafanya wagonjwa wafiche.

Nilimwambia katibu nataka kumwandikia mzee barua ya kuomba radhi. Katibu mwenyewe ni mtu wa Kibosho. Akanitazama muda mrefu. "Mwenyekiti, barua utamwandikia mkurugenzi. Huku tunapeleka isale."

Kwa msiojua: isale ni ule mmea wa majani marefu unaouona kwenye mipaka ya vihamba na penye makaburi. Mchaga akikosana na mwenzake anaweza kumpelekea jani lake kupitia kwa mtu, na anayelipokea ni vigumu sana kukataa kusamehe. Sikuruhusiwa kulibeba mwenyewe. Katibu alichuma jani kwao, akalifunga fundo, akatangulia mbele mimi nikiwa nimebaki barabarani chini ya mgomba, mvua inanyesha ile ya manyunyu isiyoisha ya mwezi wa sita, viatu vimejaa tope. Nilisubiri kama dakika 20. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa. Kisha nikaitwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Ingia, usinyeshewe."

Jani alikuwa amelichomeka kwenye mwanya wa ubao juu ya mlango. Hakulitaja tena. Tulipewa chai ya maziwa na ndizi za kuchoma, na baada ya vikombe viwili akaanza yeye mwenyewe.

Aliniuliza kama naujua mti ambao wazungu wanaupenda kwa tezi dume. Naujua: Prunus africana, uko kwenye msitu wa mlima huohuo ulio juu ya nyumba yake. Wazee wa Afrika waliutumia kabla ya mtu yeyote kuupa jina la Kilatini. Magome ya mti huo yalisafirishwa Ulaya kutoka nchi kadhaa za Afrika kwa miaka mingi, na ukatwaji ulizidi mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti. "Magome yanaondoka kwenye gunia," mzee akasema, "yanarudi kwenye pakiti yenye plastiki, na bei yake sina. Hakuna aliyekuja kwa mama yangu kumwambia asante. Ndiyo maana nilikuuliza nabaki na nini. Hukunijibu. Ulinichekesha."

Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nikafanya kosa la wasomi, nikatoa mfano. Nikamweleza habari za Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa dawa ya malaria itokanayo na artemisia, mmea ambao hata mashamba ya Arusha yaliwahi kuulima kwa ajili ya viwanda. Utafiti ulikuwa unakwama, dawa haishiki, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeandika kwamba konzi moja ya majani iloweshwe kwenye maji, ikamuliwe, mtu anywe. Hakuna mahali aliposema chemsha. Ndipo Tu Youyou akashtuka kwamba huenda moto ndio unaoiua dawa, akaitoa kwa joto dogo, ikafanya kazi. Sentensi moja, nikamwambia mzee, iliyoandikwa vizuri, imeokoa watu wasiohesabika.

Mzee alisikiliza kwa makini, hasa hapo pa kutochemsha. Naona alikuwa na mawazo yake kuhusu hilo.

"Na huyo aliyeandika alilipwa nini?"

"Alikufa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, mzee."

"Basi hata asante hakupata."

Tukacheka wote watatu. Sikushinda hoja siku ile na sijaishinda hadi leo. Ila njiani kushuka, katibu anaendesha polepole kwa utelezi, nilielewa kosa langu lilikuwa wapi. Miezi yote ile nilikuwa nawaeleza watu faida za mabadiliko. Hakuna aliyebisha faida. Walichotaka ni kiongozi akiri kwa mdomo wake kwamba kila mmoja atapoteza kitu, akitaje kitu hicho kwa jina, halafu ndipo tuzungumze.

Kwa hiyo tukaitisha kikao kingine, na waliojitoa wakaalikwa. Pa kukutania pakawa kesi nyingine, maana watu wa Arusha walikuwa wamechoka kila siku kufunga safari ya kilomita 80 kuja Moshi, na watu wa Moshi hawako tayari kukiri kwamba Arusha ni mbali sawa kutoka pande zote mbili. Tukakutana njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenye mgahawa wa nyama choma, ndege zinatua juu ya vichwa vyetu. Ajenda ilikuwa moja: kila mtu aseme mabadiliko haya yatamnyang'anya nini. Hakuna kujibiwa, hakuna kupingwa. Katibu anaandika tu.

Saa ya kwanza watu walisema mambo ya kanisani. Kisha tabibu wa Majengo, yule wa karela, akasema wazi kwamba nusu ya mapato yake ni dawa anazochanganya mwenyewe, na akiandika kilichomo mgonjwa atakwenda kununua sokoni Mbuyuni kwa robo ya bei. Baada yake ikawa rahisi. Mama mmoja wa Tengeru aliyekuwa akiuza chai ya artemisia kwa wenye malaria alisema ikiandikwa, daktari atamkataza. Nilimwambia ni kweli, nitamkataza, kwa sababu kwenye chai huwezi kujua kiasi cha dawa, na dozi pungufu inawapa vimelea nafasi ya kuzoea. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri. Alinuna, lakini alinuna akiwa amekaa, hakuondoka. Mtu wa homeopathia alisema atapoteza "Dk.", na kwamba mkwewe anamheshimu kwa ajili ya hizo herufi mbili tu. Madaktari wa hospitali walisema dakika. Yule wa bosi akasema heshima. Mfamasia alisema yeye hapotezi kitu, kisha akakaa kimya, kisha akasema labda atapoteza urafiki wa watu wanaouza bila risiti.

Mzee wa Kibosho alikuwa wa mwisho. "Mimi nilishasema," akasema, akaendelea kula.

Kutoka hapo tulifika kwenye kitu ambacho kitabibu ni nusu shari, nakiri. Asiyetaka kutaja mti asitaje, ila aandike dawa yake *inafanya nini* mwilini: inashusha sukari, inashusha presha, inaharisha, inazuia damu kuganda, inaleta usingizi. Na namba ya simu. Daktari akiona "inashusha sukari" kwenye daftari la mtu anayemeza glibenklamidi, atapiga simu. Akiona "inazuia damu kuganda" kwa mtu wa warfarini, dawa ambayo nayo inazuia damu kuganda, atapiga mbio. Wenzangu wawili wa hospitali walisema tumeshusha viwango. Niliwaambia viwango vya juu tulikuwa navyo miezi sita na madaftari yalikuwa meupe. Daktari naye akubali kuandika kwa maneno yanayosomeka. Hili la mwisho lilipigiwa makofi kuliko yote.

Habari ya vibao tuliwapa mwaka mmoja, na chama kikalipa rangi kwa fedha za kalenda. Fundi tuliyempata alikuwa mvivu: alifuta "Dk." akaacha pengo, hakusogeza jina. Mpaka leo ukipita mtaa fulani Moshi utaona kibao kimeanza katikati, na watu wa mtaa wanalisoma lile pengo.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Jina jipya lilituchukua muda mrefu kwa msajili, barua inarudi kwa sababu ya muhuri, ikipelekwa na muhuri inarudi kwa sababu ya muhtasari. Halafu ikaja 2020 na korona. Kila mtu ananunua tangawizi na malimao, mikaratusi inakatwa matawi usiku, na wanachama wananidai tamko: chama cha tiba jumuishi kinasemaje kuhusu kujifukiza? Nilikaa kimya wiki tatu. Nilijiambia natafakari, kwa kweli niliogopa pande zote mbili. Nilikuja kuandika tamko baada ya kumhudumia mtoto aliyemwagikiwa na maji ya nyungu kifuani. Ukurasa mmoja: mvuke hauui kirusi, anayeshindwa kupumua aende hospitali, mtoto asifunikwe na sufuria ya moto. Lingeweza kutoka wiki tatu mapema, na hilo silitafutii sababu.

Nilimaliza kipindi changu cha pili 2022. Mwenyekiti mpya ni wa Arusha, akaanza kwa kuhamishia mkutano mkuu Arusha, nami nikapanda kosta kama wengine nikailalamikia safari. Nilimkabidhi muhuri, vitabu vya risiti na faili la katibu lenye ile orodha ya njia panda ya KIA, kurasa 4, kila mtu na alichosema atapoteza. Hatukuwahi kuichapa. Kadi namba 4 haikuwa kwenye makabidhiano. Niliirudisha Kibosho siku nyingi.

Mwaka jana nilimpata mgonjwa mwenye figo zilizoanza kuchoka. Kwenye daftari, chini ya maandishi yangu, kulikuwa na mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa kalamu ya wino: "Majani aina 3. Mawili ya tumbo. La tatu la nguvu, silitaji." Na namba ya simu. Nikapiga.

"Mzee, shikamoo. Hilo la tatu."

"Marahaba. Hilo halina neno, mama."

"Halina neno hata kwa figo?"

Kimya. Nikasikia kuku, na mtu anapasua kuni.

"Mgonjwa aliache kwanza," akasema. "Na wewe njoo Jumamosi nikuonyeshe. Lakini uje bila kalamu."

Jumamosi nikapanda gari la Kibosho. Kalamu ilikuwa mkobani, kama kawaida yangu. Sikuitoa.